Ushuhuda Uliotangulia

Walikuja kuchukua kiti cha magurudumu Jumanne asubuhi, na walikuja na furaha yao yote. Vijana wawili wa kanisa, mmoja mrefu, mwingine mwenye shati la kijani lililompwaya, walibisha hodi kwa sauti ya watu wanaoleta habari njema.

"Bwana asifiwe, Mama!"

"Amina," alijibu Mama Cherehani bila kufungua mdomo sawasawa, maana alikuwa amebana pini kwenye midomo.

"Mwenyekiti wa kina mama ametutuma kiti. Kuna mzee nyuma ya soko amepooza upande mmoja, watoto wake wanambeba mgongoni. Mwenyekiti amesema nyinyi mmeshavuka, kiti kiende kwa mwenye shida."

Mama Cherehani alitema pini kiganjani. Kiti kilikuwa palepale kando ya cherehani, na shuka lililotandikwa juu yake lilikuwa bado halijapoa, kwa sababu mumewe, Fundi, alikuwa amekikalia muda si mrefu, alipopelekwa kuoga. Sasa Fundi alikuwa nyuma ya pazia la chumba, karibu kabisa na pale waliposimama vijana, amelala ubavu, akisikia kila neno.

"Fundi mwenyewe yuko wapi tumsalimie?" aliuliza yule mrefu.

"Amepumzika."

"Haki yake. Miguu iliyolala muda wote ule, ikianza kutembea lazima ichoke."

Wakacheka. Mama Cherehani naye akacheka, kicheko cha kuazima, halafu akachukua kitambaa akafuta mikono ya kiti, akafuta na magurudumu, kwa sababu hakutaka yule mzee wa nyuma ya soko apelekewe kiti kichafu. Aliwafungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kizingiti kilikuwa juu, ikambidi akinyanyue kiti kwa nyuma ili kisikwame.

"Jumapili basi, Mama! Siku ya shukrani yake. Kina mama wameshaandaa vigelegele."

"Mungu akipenda."

"Ameshapenda, Mama!"

Alipofunga mlango, pazia halikutikisika. Ilitoka sauti tu.

"Kanisani umeweza kunitembeza," alisema Fundi. "Haya, sasa nitembeze chooni."

*

Usimcheke Mama Cherehani bado, wala usimhukumu. Fundi alikuwa fundi bomba, na alianguka kutoka juu ya paa akifunga tangi la maji la mtu. Nyonga ilivunjika, mgongo ukaumia. Daktari akasema atatembea, lakini lini, hilo hakulisema. Alisema tu afanyishwe mazoezi na ageuzwe mara kwa mara, asije akaota vidonda vya kitandani. Kumgeuza ni neno jepesi kulitamka. Fundi ni pande la mtu, na Mama Cherehani ukimsimamisha ubavuni pake utadhani ni binti yake. Binti yao wa kweli ameolewa mbali na ana kichanga.

Kilichowashika mkono ni zamu. Kina mama wa kanisa lao walikuwa na utaratibu: nyumba moja yenye shida ikichaguliwa, kila alfajiri wanawake wawili wanaingia humo kabla hawajaenda kwenye shughuli zao. Wanasoma mstari mmoja, wanaomba, wanafanya kazi moja ya nyumba, wanaondoka. Hawanywi chai. Nyumba ni moja tu kwa wakati, maana wanawake wenyewe ni wachache na wamechoka. Na zamu haina tarehe ya mwisho. Inaisha siku mwenye nyumba anaposimama kanisani na kutoa ushuhuda. Ushuhuda ukishatolewa, zamu inahamia kwa mwingine, na vifaa vya kanisa vinaifuata.

Aliyekuja mara nyingi zaidi ni Mama Mkaa, aliyeuza mkaa kwenye kona ya barabara na ambaye kucha zake hazikutakata hata siku ya ibada. Huyu hakujua kuomba kwa madoido. Alimshika Fundi begani na kiunoni, akamgeuza kwa mkupuo mmoja kama gunia, halafu akafumba macho: "Bwana, tumeamka. Tufikishe jioni. Amina." Basi. Wengine waliomba mpaka jasho likawatoka, lakini ombi lile fupi ndilo Mama Cherehani alilokwenda nalo kwenye cherehani, na mchana moyo ulipomzama alilirudia huku akikanyaga pedali. Na jioni ilikuwa inafika.

Tatizo alfajiri zilikuwa nyingi na Fundi hakuinuka. Mwenyekiti wa kina mama, mwanamke nadhifu aliyevaa saa ya mkononi na kuitazama hata katikati ya maombi, alianza kuuliza maswali kwa upole. "Dada, hivi humu ndani hakuna kinyongo? Hakuna mtu hajasamehewa?" Safari nyingine akauliza, "Unaomba ukiamini, au unaomba tu?" Yeye mwenyewe alikuwa na ushuhuda uliojulikana kanisa zima: mwanawe wa pekee alikuwa mlevi wa kutupwa, akamwombea, akaacha pombe. Ushuhuda huo aliutoa zamani, na aliishi kwa huo kama mwenye nyumba anavyoishi kwa kodi. Kila mgeni aliyeokoka alisimuliwa. Mwana mwenyewe hakuonekana kanisani, kwa sababu, alivyosema mama yake, alikuwa na kazi nyingi.

Jumamosi moja Fundi alishika nondo za dirisha, akajivuta, akasimama. Alisimama kwa muda wa kusema "Ona!" kisha akakaa, uso umemlowa. Mama Cherehani alilia kwa furaha. Kesho yake mchungaji akahubiri juu ya kushukuru kabla hujapokea, kinanda kikapanda, Mwenyekiti akageuza shingo akamtazama, na Mama Cherehani akajikuta amesimama.

"Mume wangu amesimama," alisema.

Hiyo ilikuwa kweli, na angeishia hapo. Lakini alitazama nyuso zile akaona hazijatosheka. Kusimama tu, baada ya alfajiri zote zile? Akaongeza: "Ametembea. Ametoka kitandani mpaka mlangoni, bila kushikwa."

Kanisa lote likasimama. Watu walimkumbatia, Mwenyekiti akatokwa na machozi ya kweli, na mwanamke huyu, ambaye hakuwahi kumpunja mteja hata kipande cha kitambaa, akaimba kwa nguvu kuliko wote. Wimbo ulipokuwa ukiendelea aliamini. Alirudi nyumbani mbiombio, akafungua pazia, akamkuta mumewe palepale alipomwacha.

*

Jumatano pia hakuja mtu, kama Jumatatu na Jumanne, na sasa hata kiti hakikuwapo. Alijua hawatakuja, lakini aliamka mapema akasikiliza mlango. Kisha akajaribu kumgeuza Fundi peke yake. Alipiga magoti kitandani, akavuta shuka, akasukuma kwa bega.

"Unanichubua."

"Jitahidi na wewe kidogo, Baba."

"Nijitahidi vipi tena? Mimi si natembea?"

"Basi, tafadhali."

"Mwite mchungaji aje aone ninavyokimbia."

Alifanikiwa nusu. Chini ya kiuno aliona ngozi imebadilika rangi na kulainika, eneo la ukubwa wa kiganja, na daktari alikwishawaambia hiyo ndiyo dalili. Akafunika shuka. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Bwana, tumeamka." Maneno yaliyofuata hayakuja. Iliyokuja ni hasira.

"Nilikutetea wewe," alisema kwa sauti, na hakuwa anamwambia mumewe. "Walikuwa wanakutazama wewe, siyo mimi. Siku nenda siku rudi wanakuomba, na hakuna kitu. Nikaona aibu kwa ajili yako, nikakusemea. Na wewe umenifanyia nini?"

Fundi hakuwa mtu wa kanisa sana. Mungu wake alikuwa wa kwenye mazishi na harusi. Lakini maneno yale yalimwingia, akaanza kuwaza jambo ambalo hakumwambia mkewe.

Huko nje habari ilikuwa inatembea, na yenyewe haikuhitaji kushikwa. Jirani wa nyumba ya pili alipaza sauti dirishani: "Fundi! Nasikia umesimama! Nipitie basi kesho, sinki langu linavuja, wala siyo kazi nzito." Mteja aliyeleta gauni lipunguzwe kiuno alitaka kujua ni mistari ipi waliyoisoma, naye akaisome nyumbani kwake. Mwenyekiti akatuma mtu kuuliza Fundi anavaa koti saizi gani, kina mama wanataka apendeze Jumapili. Kila mmoja Mama Cherehani alimjibu kwa tabasamu, na kila jibu lilihitaji jibu jingine la kulishikilia. Funika kombe mwanaharamu apite, wanasema. Huyu hakupita, alisimama mlangoni akiuliza saizi ya koti.

"Nenda ukawaambie," Fundi alimwambia alipokuwa akifunga cherehani. "Sema ulipitiwa."

"Nitawaambia."

"Lini? Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yenyewe ni yangu."

"Nitawaambia, nimesema!"

Akalala kifudifudi juu ya vitambaa vya watu, akalia kwa hasira, siyo kwa huzuni.

*

Kesho yake alikwenda kupeleka sare za shule alizoshona. Aliporudi alimkuta mumewe sakafuni.

Fundi alikuwa amesubiri mlango ufungwe, akashika nondo za dirisha, akasimama, akaachia. Alikuwa amepiga hatua moja, au nusu yake. Sasa alilala kifudifudi kati ya kitanda na pazia, mkono mmoja umebanwa chini ya kifua, suruali imelowa.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naenda mlangoni," alisema, shavu likiwa kwenye saruji. "Nilitaka Jumapili uwe umesema kweli."

Hasira yote ikamwisha Mama Cherehani, ikabaki aibu. Alimshika kwapani akavuta, akateleza. Alipitisha shuka chini ya kifua chake akavuta tena, shuka likachanika. Fundi aliguna kwa maumivu.

"Piga kelele. Watu wako hapo nje."

Hakupiga. Alikwenda mlangoni akaweka mkono kwenye komeo. Nje ndoo zilikuwa zinagongana, yule jirani wa sinki alikuwa anasimulia kitu, mtu akacheka. Wakiingia wataona. Jua halitazama kabla kanisa zima halijajua.

"Ngoja nijaribu tena," alisema akirudi.

"Mke wangu." Fundi hakuwa anafoka tena. "Niko chini, nimejikojolea, vidole vya mkono huu sivisikii. Unamngoja nani apite ndiyo uniite mgonjwa?"

Alifungua mlango akapiga ukelele usio na neno.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Mkaa, kwa sababu kona yake ilikuwa karibu, na aliingia hajanawa. Jirani wa sinki alimfuata. Walimwinua Fundi kwa pamoja wakamrudisha kitandani, vidole vya Mama Mkaa vikaacha alama nyeusi kwenye mito iliyofuliwa. Jirani aliitazama ile miguu, akamtazama mwenye nyumba, akasema "Poleni sana," akatoka upesi. Sinki lake hakulitaja tena.

Mama Mkaa alibaki. Alimgeuza Fundi, akaona ile ngozi, akasonya.

"Hapa pakiachwa hivi patafumuka."

"Dada," alianza Mama Cherehani, "mimi Jumapili ile nili..."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nani alikuwa anamgeuza huyu? Mtu juzi nimemgeuza amelala kama gunia, leo atembee mpaka mlangoni?"

"Mbona hukusema?"

Mama Mkaa alijifuta mikono kwenye sketi, kazi bure. "Niseme nini? Nisimame kanisani niukatae muujiza? Tulikuwa tumechoka, dada. Mimi nilichoka. Uliposema vile nikajiambia, asante Bwana, kesho nitalala mpaka kukuche." Hakumtazama usoni. "Usifikiri ulidanganya peke yako. Wewe ulisema, sisi tukaimba."

*

Jumapili kiti cha mbele kilikuwa kimetandikwa kitambaa cheupe, na koti jipya limetundikwa mgongoni mwake. Mama Cherehani aliingia peke yake. Vigelegele vilianza upande wa kina mama, vikakatika.

Mchungaji alimngojea mpaka wakati wa shukrani, kisha akauliza kwa uchangamfu, "Na mwenzetu yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, Mchungaji. Hatembei."

"Leo hajaamka vizuri," Mchungaji alimsaidia.

"Hajatembea kabisa. Alisimama mara moja ameshika dirisha. Kile kingine nilikiongeza mimi."

Mchungaji alikuwa mtu mwema na aliutafuta mlango wa kumtolea. "Ulikitamka kwa imani, mama. Ulikitamka kabla hujakiona."

"Hapana, Mchungaji. Nilikitamka kwa aibu."

Mtu mmoja nyuma alisonya. Mwanamke wa safu ya pili akasema kwa sauti ya kusikika, "Sasa zamu zote zile tulikuwa tunakwenda kufanya nini?"

"Mlikuwa mnanifikisha jioni," Mama Cherehani alimjibu. Aliushika mgongo wa benchi. "Nisameheni. Leo sina ushuhuda. Nina mgonjwa anayeanza kuota kidonda, na kumgeuza peke yangu siwezi. Alfajiri zenu nilizingoja kuliko dawa. Hayo ndiyo niliyotakiwa kusema siku ile, na ningesema hayo mngekuwa bado mnakuja."

Akakaa. Kinanda hakikulia. Mwenyekiti alisimama, akatazama saa yake, akaongea kwa sauti ya kikao. "Utaratibu ni utaratibu. Zamu iko kwa mzee wa nyuma ya soko na kiti kiko kwake, hatuwezi kumnyang'anya mgonjwa. Litatazamwa." Kisha akaenda mbele kulitoa lile koti, akalikunja, likamshinda, akalikunja upya. Macho ya watu yalikuwa kwa Mama Cherehani.

Nje, wengi walikuwa na haraka. Yule mteja wa gauni alimwambia atatuma mtu kulichukua kama lilivyo, asijisumbue kulipunguza.

*

Alfajiri ya Jumatatu Mama Cherehani alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Omba basi," Fundi alisema.

"Sina neno."

"Lile la mwenye mkaa. Si refu."

"Bwana, tumeamka," alianza, na hodi ikagongwa.

Alikimbilia mlango akijua ni Mama Mkaa. Alikuwa Mwenyekiti, peke yake, amejifunga kitambaa cha nyumbani kichwani. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu mzima, amechoka.

"Bwana asifiwe."

"Amina. Lakini zamu yetu..."

"Sijaja kwa zamu." Alivua saa yake akaiweka juu ya cherehani, akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya pazia. "Fundi, umeamkaje? Nishike wapi?"

"Hamwanzi na maombi?" Fundi alimuuliza kwa kejeli.

"Tuanze na mgongo."

Hakuwa na nguvu za Mama Mkaa, na alishika vibaya. "Siyo hapo, mama, utaning'oa. Shika kiuno," Fundi alimwelekeza. Wakahesabu, wakavuta, wakashindwa. Mwenyekiti alikuwa ameinama, bega lake likiwa chini ya bega la Fundi, uso ukielekea ukutani, aliposema:

"Mwanangu hajaacha pombe."

Akaendelea kuuambia ukuta:

"Hajawahi kuacha. Siku ile nilipotoa ushuhuda nilikuwa nimemfungia ndani, amelewa. Miaka yote hii nawaombea watoto wa watu. Wangu nitamwombeaje mbele za watu? Si alishapona?"

Mama Cherehani alibaki ameshika ncha ya shuka. Alikumbuka maswali yale, kuhusu kinyongo na kuomba tu, yalivyomtoa usingizi, yalivyomfuata kwenye cherehani, na maneno makali yakamfika kooni. Yalikuwa maneno ya haki na angeyasema. Aliyemwahi ni Fundi.

"Amelala wapi jana?"

"Sijui," Mwenyekiti alisema. "Sijui, baba yangu."

"Basi malizeni kunigeuza, tumtaje."

Wakavuta tena, na safari hii Fundi naye alishika nondo za dirisha akajivuta nao. Aligeuka. Mama Cherehani aliutazama mgongo ule, akaupaka dawa, akaufunika. Hasira ilikuwa bado imo ndani yake, na aliomba nayo hivyohivyo.

"Bwana, tumeamka," alisema. "Huyu hatembei. Yule hajaacha. Tufikishe jioni."

Wanawake wote wawili walikuwa wanalia na hawakuweza kuitikia. Aliyesema amina ni Fundi.